Amplifaya ya Harusi ya Saumu

"Hii ya wati tano inatosha, mama," muuzaji aliniambia. Ndiyo kubwa kuliko zote zinazoruhusiwa, maana siku hizi sauti ya nyumba yako ni marufuku kuvuka ukuta wako.

"Inamtosha nani? Spika za marehemu mume wangu zinataka wati mia. Hii nikiilazimisha itakoroma tu mpaka iungue. Na Jumamosi namwoza binti yangu, Saumu. Majirani watajuaje?"

"Watatumiwa ujumbe."

"Jirani yangu Bi Mize alipofariki, nilitumiwa ujumbe, nikauona kesho yake. Wanawe walilia wamejiziba midomo kwa khanga, mimi huku nakaanga vitumbua! Nipe ile ya juu rafuni."

"Ile ni pambo, mama. Ukiiwasha, kipima sauti cha ukutani kitakushtaki."

"Na kinishtaki!"

Jumamosi nilifungua madirisha yote, nikafungulia taarabu. Kipima sauti kikawaka taa nyekundu. Mtaani hakutoka mtu. Nikaongeza sauti. Ndipo binti wa Bi Mize akapiga kigelegele kikavu, cha mtu aliyekwisha kusahau. Mwingine akamjibu, na mwingine.

Mlango uligongwa, nadhani. Nani angesikia?