Pakiti Sitini na Nne

Kidole cha shahada cha fundi wa kompyuta kiliganda juu ya kitufe, kimelowa jasho.

“Dada, ukikosea, mtandao wa hospitali nzima unakatika,” daktari alisema nyuma yake.

“Nisipojaribu, mgonjwa wako atasubiri dakika arobaini picha zake zifike.”

“Hana hizo dakika.”

Ndivyo picha za ndani ya vichwa vya wagonjwa zilivyochelewa siku zote kumfikia mpasuaji bingwa wa mji mwingine. Wiki tatu fundi alizama kwenye kiini cha mfumo wa kompyuta, hadi akamnasa mchawi: kila pakiti, yaani kipande kidogo cha data, ilitumwa peke yake, kama mtu anayekwenda posta na barua moja, kisha anarudi kuchukua nyingine. Akaandika upya sehemu hiyo, pakiti sitini na nne ziondoke kwa mkupuo mmoja.

Akabonyeza.

Skrini ikawa nyeusi. Daktari akashika kichwa. Kisha mistari ikaanza kushuka mbio, na kabla dakika ya pili haijaisha, simu ikaita.

“Picha zote ninazo,” mpasuaji alisema. “Damu imevilia kushoto mwa ubongo. Fungueni fuvu, nitawaelekeza.”

Daktari alikuwa ameshatimua mbio, kiatu kimoja kimebaki mlangoni. Fundi akaruka juu, akapiga vigelegele peke yake chumbani.