Sauti ya Nyamizi

Siku hizi sauti ya marehemu ni mali ya Wizara ya Burudani, na ndugu zake hawaruhusiwi kubaki nayo nyumbani. Ndiyo maana Masanja, aliyefiwa na mkewe Nyamizi, aliisubiri filamu mpya ya nyimbo yenye sauti ya mkewe kama mfungwa anavyosubiri msamaha.

“Baba, mama ataimba!” alisema bintiye Kabula, aliyefiwa na mama angali ananyonya. “Tena kwenye gemu jipya ni mchawi. Ukimpiga analia. Toleo la majaribio limeshatoka, ona hapa simuni!”

“Wakubwa hawa! Mwili watuachie tuzike, sauti waile wao!” alifoka Masanja.

Kabula akampiga mchawi kwa kidole. Sauti ya Nyamizi ikatoka simuni: “Baba Kabula, usiniache!”

Ndivyo alivyolia hospitalini, siku ya mwisho.

Masanja akashika ukuta. Kabula akataka kuizima simu.

“Acha,” alisema baba yake. “Mpige tena.”