Onja Wewe Kwanza

"Onja wewe kwanza," Koleta alisema, akamrudishia sahani yule mama wa Kichina mwenye mgahawa. "Kwetu Mamba mwenyeji huonja, ndipo mgeni ale."

Tangu biashara ziachiwe huru, pale mjini Same kila mwenye sufuria na mabenchi mawili alijiita hoteli, na Koleta hakumwamini hata mmoja. Hizi sambusa za kuchemsha ndizo zilizomtia shaka kuliko vyote. Chakula kilichofumbwa namna hii, nani ajuaye kimefumbiwa nini?

Yeye alikuwa ameshuka kutoka milimani na gunia la tangawizi kumuuzia huyu mama, kama lile la mwezi uliopita. Yote mawili alikuwa ameyanyunyizia dawa ya kuulia dumuzi wa mahindi, wadudu wasije wakayatoboa. Nyumbani kwake hakuna aliyeruhusiwa kuyagusa.

Mwenyeji hakukasirika. Alichukua sambusa moja, akaing'ata nusu, akatafuna taratibu na kumeza. Nusu iliyobaki akamnyooshea mgeni wake.

Koleta aliigeuzia dirishani, penye mwanga, akaichokonoa kwa ukucha. Nyama ya mbuzi, hiyo aliijua. Kitunguu. Halafu nyuzinyuzi za manjano, nyingi, zimenatana na nyama.

"Na hii tangawizi ya nani?"

"Yako, mama! Ya mwezi uliopita." Yule mama alicheka, akachukua sambusa ya pili. "Watoto wangu wanaipenda sana."

Ukucha wa Koleta ulibaki umezama ndani ya sambusa.

"Kula basi, mama. Nimeshaonja."