Kopo la Chambo

Fundi cherehani alikuwa akikung'uta shanta la mumewe ili aushone mkanda uliokatika. Mume mwenyewe alikuwa ametandaza ramani mezani, akipanga kurudi kuvua samaki kwenye ziwa la milimani, kama mwaka jana.

Kopo la chambo likadondoka. Likatoa uvundo.

Minyoo ilikuwa imeoza ikawa uji mweusi, ukichuruzika pembeni mwa kifuniko. Lakini uzi mwekundu aliolifungia kopo yeye mwenyewe siku ya safari ile, kwa mafundo matatu, ulikuwa vilevile.

"Hivi mwaka jana ulivua wangapi, baba watoto?"

"Ishirini na mmoja," alijibu bila kuinua macho. "Chambo chako walikuwa wanakigombania."

Mke aliliweka shanta chini. Akalibeba kopo kwa ncha za vidole, akalitua katikati ya ramani, juu ya ziwa.

"Fungua."