Fimbo ya Pipa

Tulalumba alimimina ndoo ya kwanza ya ulanzi, pombe tamu ya utomvu wa mianzi, kwenye mpira mrefu wa maji uliolazwa mteremkoni, akatega sikio. Bondeni, mumewe alikuwa ameshika mdomo wa mpira ndani ya pipa. Utomvu ulipofika, aligonga pipa kwa fimbo mara tatu. Ndivyo walivyoteremsha ulanzi wao kila masika, tangu magoti yao yalipokataa kubeba ndoo kwenye mteremko ule.

Akamimina ya pili. Kimya.

"Baba Wende! Gonga basi!"

Kimya.

"Haya, umeshaanza kuonja," alinung'unika, akamimina ya tatu kwa hasira.

Fimbo haikulia. Akashika mianzi, akasogea hadi ukingoni na kuchungulia.

Mzee alikuwa ameketi chini, mgongo kwenye pipa, kichwa kimelalia bega. Mpira ulikuwa umechomoka, umeangukia mapajani mwake, na ulanzi ulikuwa ukimmwagikia miguuni. Fimbo ilikuwa bado mkononi.

"Baba Wende!"

Alianza kushuka kwa makalio, akishikilia majani yaliyolowa, na kila hatua goti lilimgomea. Ndoo ya tatu ilikuwa bado njiani, ndani ya mpira kando yake. Aliisikia ikimpita.

Asubuhi ile mzee alikuwa amemkimbia nyuki mmoja mpaka kofia ikamdondoka, na Tulalumba akamcheka hadi machozi.

Sasa nyuki walikuwa wakishuka kwenye utamu ule, mmoja mmoja, wakitembea juu ya mkono ulioshika fimbo.

"Wafukuze," alisema Tulalumba, akiwa bado juu. "Baba Wende, wafukuze."