Kicheko cha Bi Mwanahamisi

Tangu pochi za sarafu za mtandaoni zianze kufunguka kwa kicheko cha mwenyewe pekee, watu waliacha kucheka ovyo, maana wezi walitega vinasa sauti hadi madirishani. Nyumbani kwa Salha, jambo likichekesha, mtu alijifunika kanga, mabega yakamtikisika kimya kimya.

Siku moja mama mkwe wake, Bi Mwanahamisi, akaja kutoka shamba. Yeye hakuwa na pochi. Paka alipotumbukia kwenye beseni la unga, bibi huyo aliangua kicheko mpaka machozi yakamtoka.

Mjukuu wake mdogo akapiga ukelele.

"Mama, njoo! Bibi anaumwa!"

Salha alikuja mbio, akafunga dirisha kwanza. Mtoto alikwishamfunika bibi kanga.

"Pole, bibi. Itapita. Mama naye ugonjwa huu humshika hivyohivyo."