Supu ya Miaka Sita

Kilichotangulia kutoka kilikuwa mkia.

Ukafuata ute wa kahawia, mzito kama uji uliochacha, ukadondokea ndoo: pwaa! Fundi bomba aliliinamisha tena tanki la maji moto, akachungulia.

"Mwenyewe huyu hapa, mama. Panya. Yaani, aliyekuwa panya. Aliingilia bomba la hewa."

Mama mwenye nyumba alishika ukuta. Miaka sita ameoga maji ya tanki hilo. Amesukutua nayo mdomo. Na nywele zake, anazozienzi kuliko cheni yake ya dhahabu, zimeoshwa humo kila Jumapili.

"Supu ya miaka sita," mumewe alisema pale mlangoni. "Kumbe ndiyo siri ya ngozi laini, mama watoto!"

"Koma!" Mkewe akakimbilia sinki, mkono mdomoni.

Fundi akafunga hita mpya ukutani, kijisanduku chembamba, hakina tanki. Maji yanapata moto yakiwa safarini. "Humu hata sisimizi hana pa kulala."

"Na hilo?" Mama alilionyesha tanki la zamani kwa ncha ya kidole cha mguu. Lilikuwa limelala sakafuni na kutu yake, na kibandiko cha bata wa manjano alichokibandika kitindamimba wake, kisha akamkwangua bata jicho moja.

"Niachie mimi, mama. Nitalitupa mbali. Hutaliona tena maishani."

Siku hiyo mama alioga mara nne. Wapi! Kila akijikuna kichwa, alihisi mkia. Chakula kikawa hakipiti kooni, hata chai.

Siku ya nne akaenda saluni.

"Nisugue mpaka ubongo," alimwambia msusi. "Nikitoka hapa niweze kula."

"Umefika, dada. Siku hizi hatuhangaiki tena na birika. Ni kufungua koki tu."

Akalaza kichwa kwenye beseni, akafumba macho. Maji yakashuka ya vuguvugu, matamu, mabega yakamlegea. Akamsimulia msusi kisa cha panya, mkia na yote, wakacheka mpaka maji yakamwingia mdomoni, akayameza. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile, akasikia njaa.

Akafumbua macho.

Juu ya beseni, ukutani, bata wa manjano alikuwa akimtazama kwa jicho lake moja.